Ukuta wa Upande wa Mlimani

Naikumbuka siku ile, mwanangu, siku niliyotiwa mkononi kwa mara ya kwanza ufunguo wa nyumba ya kupanga. Naikumbuka kuliko siku niliyooa, na mke wangu, Mungu amrehemu, alilijua hilo akanisamehe. Mwanangu nakuita kwa umri tu, na nimesikia kwamba nawe sasa unazunguka mjini kutafuta nyumba ya kukutosha wewe, mkeo na watoto, pamoja na wale jamaa ambao hakuna anayewahesabu mpaka chakula kinapopakuliwa. Basi kaa kidogo. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na hili nililoliona sipendi nife nalo.

Zilikuwa zama za Mdachi. Reli ilikuwa imefika Morogoro, na wewe uliyezaliwa ukaikuta huwezi kujua jambo lile lilikuwaje. Sisi Waluguru tulikuwa huko juu na mashamba yetu. Tukasikia mlio wa gari moshi ukipanda mabondeni kabla hatujaliona lenyewe, na wazee wakaacha majembe wakatega masikio, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na asiyemjua. Mimi niliposhuka kwenda kulitazama, nikaona chuma kikitembea chenyewe, moshi unafuka, na tumboni mwake wamekaa watu wanakula ndizi bila wasiwasi wowote. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Sikurudi tena mlimani kulima.

Fundi mmoja wa Kihindi alinifundisha useremala, nikapata kazi stesheni. Nilitengeneza milango, meza na masanduku. Randa ilinikaa mkononi vizuri, na nikisema hivi sijisifu, maana sifa hiyohiyo ndiyo iliyonitia kwenye shimo. Kijana akiwa fundi wa kitu kimoja hudhani ni fundi wa dunia.

Kule juu nilikuwa nimeacha watu saba. Mke wangu Mwanahawa na watoto wetu wawili. Watoto watatu wa dada yangu, ambaye alifariki akijifungua yule wa mwisho. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mama akiondoka, anayetazamwa ni mjomba. Mjomba ni mimi. Na wa saba ni mama yangu, Binti Mkude, mfinyanzi wa vyungu. Vyungu vyake vilikuwa vikishuka kichwani mwa wanawake mpaka sokoni Morogoro, na watu walivigonga kwa kidole, wakasikiliza, wakavichukua bila kuuliza sana.

Mama akanitumia salamu: "Salehe, nguvu zangu zimepungua na watoto wanakua. Tutafutie mahali tukae pamoja." Nikamjibu kwamba nitapanga nyumba mjini. Neno hilo la kupanga lilimshangaza. Kwetu ardhi ni ya ukoo, mtu huonyeshwa pa kujenga akajenga. Nilipompelekea habari kwamba mwenye nyumba hulipwa kila mwezi, aliuliza, "Unalipa ili ulale? Na ukikosa kulipa, usingizi wenyewe wanauchukua?" Tulicheka sana. Laiti ningemsikiliza kwa makini kama nilivyocheka!

Nyumba ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa juu kidogo, upande wa Bigwa, mlima unapoanza kuinuka. Mwenyewe alikuwa mjane aitwaye Bi Tausi, mtu wa Bagamoyo, ambaye mumewe alikuwa mnyapara wa misafara kabla reli haijawanyang'anya wapagazi kazi. Nyumba ya fito na udongo, imeezekwa kwa nyasi, kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi. Mlango ulikuwa mfupi na umepinda, ikabidi niiname kuingia. Vyumba vinne. Nilimwamkia, akaitikia, akanizungusha.

"Mko wangapi?" akaniuliza.

"Wanane."

"Mimi nina chumba kimoja, vitatu vyenu, na jiko ni moja. Lakini kabla hujasema ndiyo wala hapana, mlete mama yako aione."

Nikahisi nimetukanwa. Mtu mzima mwenye kazi ya stesheni, naambiwa nikamlete mama! Nikamwambia nitarudi, na moyoni nilijua sirudi.

Ya pili ilikuwa ya Bwana Sefu, mfanyabiashara wa nguo. Nyumba hiyo, mwanangu, ilikuwa mpya, nyeupe kwa chokaa, juu mabati, vyumba vitano na baraza. Ilisimama bondeni, mlima nyuma yake na mto mbele, na jua la asubuhi likiipiga ilibidi ufinye macho. Dirisha moja lilikuwa na vioo. Halafu mlango. Mlango wa mvule, mbao mbili nene zilizounganishwa hata ukucha haupiti, bawaba za chuma, komeo la shaba. Niliufungua nikaufunga, nikaufungua tena. Haukutoa hata mlio. Nilijua ni wiki ngapi za kazi zilizotumika kuutengeneza, nikaona fahari kama kwamba nimeufanya mimi. Kuta sikuzitazama. Kuta za nini, na mlango ni ule!

Basi nikapewa ufunguo.

Mama na wengine walishuka wakati wa kiangazi. Walitembea tangu alfajiri, wakafika mchana, mama mbele na vyungu vitatu vimefungwa kwenye kanga kichwani. Bwana Sefu alikuwepo, na majirani kadhaa waliokuja kutazama wageni. Mwanahawa aliiona ile nyumba akaziba mdomo kwa kiganja. Watoto walikimbilia kwenye vioo, wakabandika pua, wakaona sura zao, wakapiga kelele. Nilisimama kando ya mlango wangu wa mvule, nikingoja mama naye ashangae.

Mama aliutazama mlango akatikisa kichwa kwa kuusifu. Kisha akanipita. Akazunguka nyuma ya nyumba, upande wa mlimani, kwenye pembe ambako chokaa haikufika vizuri. Akaparua ukuta kwa ukucha, akapata udongo kidogo, akautemea mate na kuufikicha kwa vidole viwili. Ulisambaratika. Akaufikicha tena.

"Salehe," akasema kwa upole, "matofali haya ni mabichi, hayakuchomwa. Na udongo wake una mchanga mwingi wa mtoni. Haujashikana. Mvua ikikaa hapa mguuni, ukuta huu utarudi ulikotoka."

Bwana Sefu akacheka kidogo, si kwa ubaya. Majirani wakanitazama. Na mimi, mwanangu, nikafungua kinywa changu nikamwambia mzazi wangu mbele ya watu, "Mama, wewe ni mfinyanzi wa vyungu. Mambo ya nyumba waachie wenye kuyajua."

Mama alijipangusa vidole kwenye kanga, akaingia ndani kutafuta pa kutandika mikeka ya watoto. Neno hilo lilikuwa limekwisha toka, na neno si kuku kwamba utalifukuza ulirudishe bandani.

Miezi ile ya kiangazi nilikuwa kama mtu aliyelewa. Jamaa walishuka kutoka milimani kuja kuiona tu nyumba. Walikaa barazani wakisikiliza gari moshi, wakaingia chumba kimoja wakatokea kingine, wakihesabu kwa sauti. Mjomba wangu mmoja aliketi mbele ya vioo asubuhi nzima. Kila aliyekuja nilimfungulia mlango polepole, ili asikie jinsi usivyolia.

Mama hakulitaja tena lile jambo. Alifanya tu. Kwanza alihamisha mikeka ya watoto wote watano kutoka vyumba vya nyuma, akaileta vyumba vya mbele, tukabanana wakati vingine viko vitupu. Nikauliza, akasema, "Huku wanapata jua." Halafu, nyakati za alasiri, alikuwa akipanda kwenda kwa Bi Tausi. Sijui walijuana vipi. Nadhani ni vyungu vilivyowajulisha. Na mvua zilipokaribia, nikarudi siku moja kutoka kazini, nikamkuta ameshika jembe, amejitanda kaniki yake ya shamba, anachimba mfereji nyuma ya nyumba mpaka ubavuni, ili maji ya mlimani yapite kando yaelekee mtoni. Alikuwa amefika mbali. Jasho lilikuwa likimtoka.

Unajua nilichoona? Sikuona mfereji. Niliona majirani wanaomtazama mama yangu akichimba kama kibarua kwenye nyumba nyeupe. Nikamwambia aache. Akaacha. Kesho yake ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikachukua jembe lilelile nikaufukia mfereji wote, nikaupiga mguu udongo uwe tambarare. Alikuwa amekaa karibu anachagua mchele. Alinitazama mpaka nikamaliza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu nililivunja kwa mikono yangu mwenyewe, nikitoka jasho.

Masika yakaja. Mwaka ule yalikuja kama yaliyokuwa yakingojwa na watu wengi na sasa yamechoka kungojwa. Siku ya tatu mvua ilianza asubuhi, na kufika adhuhuri mlima haukuonekana. Si kwamba ulifunikwa na wingu. Haukuwepo. Pale stesheni tuliacha kazi, tukasimama mlangoni, kwa maana chini ya kishindo cha mvua kulikuwa na kishindo kingine, kizito, cha kuendelea, kinachotoka ardhini. Mzee mmoja wa kwetu, mpakuzi wa mizigo, akasema, "Mawe hayo. Mto unaviringisha mawe."

Nikatupa randa nikakimbia.

Njia zilikuwa vijito. Nilianguka mara mbili. Nilipoiona nyumba nyeupe imesimama, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Nikaingia nikiita, "Mwanahawa! Mama!" Hakuna mtu. Mikeka haipo, watoto hawapo, hata vyungu havipo. Nikaenda chumba cha nyuma, kilichopakana na ukuta wa mlimani, na hapo ndipo niliposikia kitu ambacho sijakisahau. Ukuta ulikuwa unanong'ona. Chokaa ilikuwa inabanduka vipande vipande ikianguka sakafuni, na chini, mguuni mwa ukuta, maji yalikuwa yakiingia ndani taratibu, mekundu, kana kwamba yana ruhusa.

Sanduku langu la vyombo vya kazi lilikuwa pembeni. Nikasema nilichukue. Nikaliinamia, nikalivuta, likanasa kwenye tope.

"Salehe! Toka!"

Sauti ya mama. Nikageuka, sikumwona. Alikuwa nje.

"Liache! Toka, mwanangu, toka sasa hivi!"

Sijui ni kitu gani katika sauti ile. Nilikuwa na ndevu, nilikuwa na watoto, lakini miguu yangu ilimtii kabla sijafikiri, kama ilivyomtii nilipokuwa mtoto na moto uko karibu. Niliacha sanduku nikatoka mbio. Nilimkuta uwanjani, peke yake, kanga imemgandama mwilini, mdogo kama ndege aliyenyeshewa. Akanishika mkono akanivuta nyuma hatua kumi, ishirini.

Ukuta wa upande wa mlimani haukuanguka kwa ghafla. Ulipiga magoti. Ulishuka polepole kama ngamia anayeteremshwa mzigo, na chokaa yote nyeupe ikawa uji mwekundu. Mabati yakafuata kwa kelele moja kubwa. Kisha kuta za kati, moja baada ya nyingine. Na maji yakapita juu ya yote hayo kuelekea mtoni, bila hasira, kama mpita njia. Kilichobaki kimesimama, mwanangu, ni mlango wa mvule katika fremu yake, na nyuma yake hakuna kitu. Nilicheka. Nakuambia kweli, nilicheka, kisha nikaketi kwenye matope.

"Wako wapi?" nikauliza.

"Wote wako kwa Bi Tausi. Niliwapandisha maji yalipoanza kutuama nyuma."

"Na wewe umerudi kufanya nini?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Nilijua utakuja, na nilijua utaingia ndani."

Wakati huo wingu likapasuka upande mmoja, na mlima ukarudi. Sijapata kuuona vile tena. Kila bonde lilikuwa na maporomoko, kila jabali limevaa uzi mweupe, maji yanashuka mahali ambapo maisha yangu yote hapakuwa na maji. Milima ile nilizaliwa juu yake, nikailima na kuikimbia, na siku hiyo ndipo nilipoiogopa kwa heshima. Na kando yangu amesimama mwanamke mmoja mwembamba ambaye alijua habari zake zote kwa kufikicha udongo kidogo kati ya vidole viwili. Sikujua nishangae lipi zaidi, mlima au mama yangu. Mpaka leo sijui.

Bi Tausi alitupokea wote wanane. Moto ulikuwa umewaka, watoto wamefunikwa kila kitambaa alichokuwa nacho, na mama zangu hao wawili wakaingia jikoni kama watu waliopika pamoja miaka mingi. Nyasi za paa lile hazikuvuja. Ukuta niliouegemea ulikuwa mkavu na una joto. Nikamsogelea mama nikapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Kwa lile neno, na kwa mfereji."

Akaniwekea kiganja kichwani. "Mlango ule ulikuwa mzuri," akasema. "Sijapata kuona mlango mzuri kama ule, na wewe uliujua uzuri wake kwa sababu ni kazi yako. Hukukosea kuupenda. Ulikosea kudhani kwamba mlango ndio unaobeba nyumba."

Hayo tu. Aliyenikemea ni Bi Tausi, na alinikemea sawasawa, mwiko mkononi.

"Nilikuambia umlete mama yako. Ukanipa mgongo. Ulidhani nini, kwamba nilitaka kumtazama nguo zake? Nilitaka anione mimi! Jiko ni moja. Kama mimi na yeye hatuwezi kukaa jiko moja, vyumba vitakusaidia nini? Kwetu husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na ndani ya nyumba, mwanangu, ni watu. Kupanga nyumba ni kupangana."

Nikasema, "Naam, Bi Tausi."

Bwana Sefu alikuja kesho yake kuiona nyumba yake. Alikaa juu ya jiwe akalia. Nataka ujue kwamba hakuwa mtu mwovu. Yeye naye alikuwa amejengewa na watu wa haraka, akadanganywa na weupe wa chokaa kama nilivyodanganywa mimi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tulimsaidia kuokota mabati yake, na mama akampelekea uji.

Kwa Bi Tausi tulikaa miaka mingi. Tulikaa mpaka vita vikaja na Mdachi akaondoka, na watoto wa dada yangu wakaolea humo. Kila baada ya masika mama alikandika kuta upya, na sasa mchukua udongo nilikuwa mimi. Alinipeleka kwenye vichuguu, akanifundisha kuuchagua. "Udongo wa kichuguu umekwisha kutafunwa na wadudu," alikuwa akisema. "Wao wameishi ndani yake kabla yetu. Waulize wao kwanza." Alinifumba macho akanitia udongo mkononi, huu wa mtoni, huu wa mlimani, huu wa shambani, mpaka vidole vyangu vikaanza kuona. Nilikuwa na umri wa kutosha kufundisha wengine, na nilikuwa mwanafunzi, na hakuna masomo niliyoyapenda kama yale. Bi Tausi alipofariki, alimwachia mama kila chungu kilichokuwa jikoni.

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu. Utakapokwenda kuitazama nyumba hiyo, usiende peke yako. Kila mtu huona kile alichozoea kukitazama, na macho ya mtu mmoja hayatoshi nyumba ya watu wengi. Nenda na mkeo, ambaye ndiye atakayekaa humo mchana kutwa wewe ukiwa kazini. Nenda na mzazi wako kama yu hai, hata kama anatembea polepole, hata kama kanga yake imepauka na unaona haya mbele ya mwenye nyumba. Zunguka nyuma kabla hujaingia mbele. Uliza maji hupita wapi wakati wa masika, usimwulize mwenye nyumba, waulize majirani. Keti na mwenye nyumba umjue, maana kuta zikikushinda utahama kesho, lakini jirani mbaya hukufuata mpaka ndotoni. Na mkubwa wako akikuambia neno lisilokupendeza, limeze kwanza, ulichunguze baadaye. Kama halina maana hutapungukiwa na kitu. Kama lina maana, litakuwa limeokoa watu unaowapenda, na hutakuwa na sababu ya kupiga magoti kama mimi. Na usingoje kupiga magoti ndipo umheshimu aliyekuzaa.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akuonyeshe nyumba yenye misingi migumu na majirani laini. Wanaoingia waingie kwa salamu, wanaotoka watoke kwa dua, na kila unayemlisha alale ameshiba. Mvua ikinyesha, ikukute umewakumbatia wako wote, hakuna aliyebaki nje, na hakuna unayemwomba radhi. Amina.